Feni ya Chumba cha Wageni

Shangazi Mwanvua alikataa kukaa kiti cha mbele. Alikataa pia kukaa nyuma ya dereva, akisema kile kioo kidogo cha juu kitaupeleka uso wake kwa mkwe. Akajibana nyuma yangu mimi, mtandio ameushusha hadi kwenye nyusi, mkoba mapajani. Kutoka kwetu Ngagara hadi duka la feni la Kigobe nikawa mkalimani wa watu wawili wanaosema lugha moja.

"Houda, muambie apunguze mbio."

"Uthmani, punguza mbio."

"Muambie Mama nimeshapunguza."

"Shangazi, ameshapunguza."

"Nimesikia. Mi siko kiziwi."

Msimcheke. Ndivyo alivyolelewa. Kwao mama mkwe hasemeshani na mkwe uso kwa uso, hali naye sahani moja, na kubwa kuliko yote, halali chini ya paa lake hata kama mvua inamwaga na njia imefungwa. Mimi si mwanawe wa kumzaa. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya kidole, Shangazi akanichukua, na posa ilipoletwa ukwe wote ukamwangukia yeye. Tangu siku hiyo hakuwahi kumtaja Uthmani kwa jina. Alikuwa "huyo mutu". Siku Shangazi akiamka na furaha, anakuwa "huyo mutu wako".

Na mimi huyo mtu nilikuwa nampenda kufa kuoza, sioni aibu kusema. Uthmani ana gereji yake Mutakura. Ana mabega ya mtu aliyezoea kusukuma magari mabovu, na akitaka kucheka macho yanaanza kwanza, mdomo unafuata baadaye. Alikuwa amemaliza kujenga nyumba yetu hukohuko Mutakura. Kuta zimepakwa rangi, dari limepigwa, kilichobaki ni feni tu, maana joto la Bujumbura halina huruma na maharusi.

Nyumba ilikuwa tayari. Ambaye hakuwa tayari ni mimi. Nilikuwa nimeahirisha ndoa mara mbili. Mara ya kwanza nilisingizia kazi yangu ya duka la dawa, mara ya pili nikasema Ramadhani imekaribia. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba tangu mumewe Idi azikwe, Shangazi halali bila redio kunong'ona karibu na mto wake. Nikichelewa kurudi, namkuta amekaa mlangoni na tasbihi, anajifanya alikuwa katikati ya uradi. Mtu kama huyo unamwachaje peke yake? Unafunga mlango, unapanda gari lenye maua, unakwenda zako?

Na yeye alikuwa na namna yake ya kunijibu. Shangazi ndiye mshonaji bora wa magauni ya harusi ninayemjua mimi, mabibi harusi wanatoka mitaa yote kumfuata. Lakini kitambaa changu cheupe kilikuwa kimelala kabatini miezi na miezi. Hajakikata. Hata kunipima hajanipima. Nikimuuliza, anasema mkono unamuuma.

Uthmani ndiye aliyepata wazo. Alijenga chumba cha ziada uani, kidogo, kizuri, cha Shangazi. Mimi nikaharakisha kukipa jina la uongo, chumba cha wageni. Mpango wangu ulikuwa kumleta Shangazi dukani, achague feni za nyumba nzima, aizoee nyumba kidogokidogo, na ile ya chumba chake aichague kwa mkono wake mwenyewe bila kujua. Siku moja nzuri ningemwambia.

"Mutu mukubwa hadanganywi, Houda," Uthmani alininong'oneza asubuhi ile tulipokuwa tukimsubiri Shangazi atoke. "Tumuambie tu."

"Tukimuambia leo atakataa. Na Shangazi akikataa, amekataa."

"Na kesho?" Alinitazama, na kwa mara ya kwanza macho yake hayakuwa na kicheko. "Mi niko tayari tangu zamani. Niambie tu kama we unakuja ao hauji."

Nikageuka. Shangazi alikuwa ametokea mlangoni.

Mwenye duka, Chanelle, alitupokea kwa mikono miwili. Mwanamke wa nywele fupi za rangi ya shaba na viatu vya kisigino, anayekuita mpenzi kabla hajajua jina lako. "Bonjour, maman! Karibuni, karibuni!" Akaenda ukutani, akabonyeza swichi zote kwa pamoja.

Dari zima likaanza kuzunguka. Feni za mbao, za chuma, nyeupe, nyeusi, za taa na zisizo na taa, zote zikashika kasi. Mtandio wangu ukaniruka. Uthmani akaudaka hewani, akaurudisha begani kwangu polepole, bila kunigusa hata kwa ncha ya kidole. Upepo wote ule, nami nikahisi joto mpaka masikioni.

"Tuanze na salon," alisema Chanelle, yaani sebule.

Uthmani alikuwa ameshasimama chini ya moja yenye mapanga ya dhahabu na taa zilizojikunja mithili ya maua. "Iyi! Wageni wakiingia, wataona kweli iko salon ya mutu."

"Wataona hoteli," nikasema.

"Kwani hoteli iko mbaya?"

"We utakuwa unanipa funguo ya chumba kila jioni?"

Chanelle akacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameshafungua mkoba wake na kutoa futikamba, ile ya kitambaa cha njano ambayo hatoki bila hiyo hata akienda msikitini. Akaagiza feni ndogo iliyoning'inia chini izimwe, akaipima panga kutoka ncha hadi ncha, akatikisa kichwa.

"Houda, muulize huyo mutu salon yake inaingia kochi ngapi."

"Muambie Mama kochi kubwa mbili na meza, na njia ya kupita inabaki," alisema Uthmani akitazama chini, adabu imemjaa.

"Basi mapanga mafupi hayatafika. Mutu wa katikati atapata mafua, wa pembeni atatoka jasho. Achukue ndefu. Na aache madahabu, vumbi ikikaa pale nani atapanda kuifuta?"

Nilitaka kupiga makofi. Tukachukua ndefu ya mapanga matatu yenye rangi ya mbao ya kahawia, na taa moja tu katikati, ya mwanga mtulivu. Chanelle akasema iko na klasi. Uthmani akaitazama ile ya dhahabu mara ya mwisho, macho ya mtu anayemsindikiza ndugu yake safari. Kwa baraza tukachagua ya chuma iliyopakwa rangi, maana mbao zikikaa nje na unyevu wa mvua zinapinda.

Kisha Chanelle akatupeleka ukuta wa pili, na sauti akaishusha.

"Iyi ni ya chambre yenu ya kulala." Ilikuwa nyeupe, mapanga membamba, na telekomande yake ya kuiwasha ukiwa mbali. Akabonyeza. Ilizunguka na sikusikia kitu. "Haina kelele kabisa. Usiku unasikia tu mwenzako anavyopumua."

Shangazi ghafla akaona balbu za kutazama upande mwingine wa duka. Uthmani akakohoa. Mimi nikabaki na telekomande mkononi, sijui niiweke wapi.

"Unaipenda?" aliniuliza, karibu yangu.

"Naipenda. Lakini musitikere ya mbu tutafunga wapi? Ndoano ya katikati ya dari itachukuliwa na iyi. Musitikere ikipeperuka, inaingia kwa mapanga."

"Nilifikiria. Kitanda nimekitengeneza mwenyewe kwa gereji, na vyuma vinne virefu kwa pembe. Musitikere inakaa juu ya vyuma, inabaki chini ya feni." Akasita. "Nimekipaka kijani. Ile ya dirisha ya Shangazi. Ulisema unaipenda."

"Nilisema lini?"

"Siku ya kwanza. Nilikuja kutengeneza gari ya jirani yenu, we ulikuwa unafungua dirisha. Nikasema iyi rangi iko nzuri. We ukasema, mi pia naipenda." Macho yakaanza kucheka. "Mi sikuwa naongea juu ya dirisha."

Wallahi, kama si Shangazi na zile balbu, ningemshika mkono palepale. Nilimpenda hadi kifua kikaniuma, na papo hapo nikajichukia, kwa sababu mtu aliyekumbuka rangi ya dirisha ndiye niliyekuwa namzungusha na visingizio.

"Na chumba cha wageni?" akauliza Chanelle.

Nikajikaza. "Iyo atachagua Shangazi. Shangazi, njoo."

Akaja, futikamba shingoni. "Wageni gani?"

"Wageni tu."

"Wa upande wake ao wa kwetu?"

"Wa... wote."

Akanitazama. Kisha akazipita feni zote nzuri, akaipita ile ya maua meupe niliyokuwa nimemtegea kwa macho, akaenda hadi kwenye kona. Pale palikuwa na kifeni kifupi cha rangi ya kijivu, kimefungiwa ndani ya waya, kimesahauliwa. "Washa iyi."

Chanelle akawasha. Kra-kra-kra-kra. Kelele yake ilizidi feni nyingine zote.

"Maman, apana, iyo iko na kasoro," Chanelle alisema kwa aibu. "Inazunguka vizuri, lakini iko na kelele. Nilitaka kuirudisha."

"Ndiyo naitaka. Mugeni akilala vizuri sana, kwao anasahau. Na iyi atalala leo, atalala kesho, kesho kutwa mwenyewe anatafuta mufuko wake."

Chanelle alicheka hadi akashika ukuta. Shangazi akatabasamu, tabasamu la mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Mimi sikuweza hata kujifanya nacheka. Alikuwa amejichagulia mwenyewe, kwa ufundi wote, feni ya kumfukuza.

Uthmani akaniita kwa kichwa. Tukaenda nyuma ya rafu ya taa. Feni zote bado zilizunguka, kifeni kile kikikwaruza, na ili tusikizane ilibidi tupaze sauti.

"Muambie," alisema.

"Siyo leo."

"Leo! Unaona vile uongo inafanya? Atalala na kile kitu?"

"Nitakuja kukibadilisha kesho, we nyamaza."

"Mi nimenyamaza sana, Houda! Mara kazi, mara Ramadhani. Ndugu zangu wananicheka, wanasema we haunitaki. Mi nawajibu niko najua juu ya nini hauji. Lakini na mi nachoka."

"Unachoka na mi?"

"Nachoka bila we!"

"Basi unipe nafasi, Uthmani, yule mama hana mutu mwingine..."

"Ndiyo maana nilijenga! Kile chumba siyo cha wageni, Houda, ni cha Shangazi! Nilikijenga akuje alale pale, ili we ukubali kuolewa na mi!"

Umeme ulikatika baada ya neno "wageni". Yaliyofuata aliyasema ndani ya duka lililonyamaza kimya, kwa sauti ya mtu anayeshindana na feni zaidi ya kumi.

Mapanga yakapunguza mwendo juu yetu, yakasimama moja moja. Nikachungulia pembeni ya rafu. Shangazi alikuwa amesimama chini ya kifeni chake, mkono mmoja kwenye futikamba.

"Yampayinka," Chanelle akanong'ona kwa mshangao. Akasema anatoka kuuliza majirani kama na kwao umeme umekwenda, na akatoka haraka.

Shangazi akakaa juu ya katoni. Alionekana mdogo kuliko nilivyomzoea.

"Houda."

"Labeka, Shangazi."

"Muulize huyo mutu kama hakufundishwa kwao. Mama mukwe analala kwa mukwe wake?"

Uthmani alitoka nyuma ya rafu. Akachuchumaa mbali naye kidogo, macho sakafuni, mikono yake ya gereji ameikunja magotini.

"Muambie Mama nimefundishwa," alisema. "Ndiyo maana kile chumba hakiko ndani ya nyumba. Kiko na paa yake na ukuta yake. Mulango nimeuhamisha, nimevunja ukuta nikauweka upande wa barabara. Akitoka haoni kitanda yangu, nikitoka sioni yake. Niliuliza mama yangu mwenyewe. Akasema mutu wa ivo siyo mukwe anayelala kwako, ni jirani."

Kuhusu mlango huo mimi sikujua. Nilijua chumba, mlango sikujua.

"Houda, sema," Shangazi akaniambia.

"Lakini umesikia, Shangazi."

"Nimesikia. Lakini sema."

Basi nikasema. Nikarudia neno kwa neno, paa yake, ukuta yake, mlango uliovunjiwa ukuta. Nilipofika kwenye jirani machozi yakaja, nikayaacha. Kulikuwa na mambo niliyoyasikia mara nyingi kutoka kwa Uthmani bila kuyaelewa. Yalipopita kinywani mwangu mwenyewe ndipo nilipomjua mwanamume niliyekuwa namsubirisha.

Shangazi alikuwa anakunja futikamba, anaikunjua, anaikunja tena.

"Mi nilidhani unaniaga," alisema. "Leo unanileta kuona feni, kesho unanileta kuona mapazia, alafu siku moja naamka we hauko."

"Shangazi, mi nimeahirisha ndoa kwa sababu yako!"

"Unafikiri sikujua? Nilijua. Na kila ukiahirisha nilikuwa nafurahi, Mungu anisamehe. Nafurahi, alafu naenda jikoni, nalia, kwa sababu naona vile unakonda." Akajifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Mkono haukuwa unauma. Ulikuwa unakataa tu kukata kile kitambaa."

Nikapiga magoti, nikaweka kichwa mapajani mwake, pale pale juu ya katoni ya feni. Akanipapasa kichwa kama zamani, nilipokuwa nikitoka madrasa na kiatu kimoja. Uthmani naye hakusogea, ila nilimsikia akipenga kamasi, kisha akajidai anakagua nyaya za balbu.

Umeme ukarudi. Feni zilianza kuzunguka taratibu, na kabla ya zote kushika kasi, kile cha kijivu kikapiga. Kra-kra-kra-kra.

Uthmani akaruka. "Houda, muambie Mama iyi tunaibadilisha sasa ivi! Achague ingine, ya kimya, hata kama ile yetu..."

Shangazi akainua mkono. Akasimama, akajinyoosha mgongo. Akausukuma mtandio nyuma hadi paji lote la uso likaonekana, na akamtazama usoni.

"Uthmani."

Sote wawili tukaganda. Chanelle, aliyekuwa anarudi, akabakia mlangoni na mguu mmoja ndani.

"Iyo usiibadilishe, mwanangu. Kimya nimekilalia tangu Idi afariki, hata redio haikifukuzi. Kimenichosha. Iyi itakuwa inanisemesha."

Uthmani akanitazama mimi kwa mazoea, akisubiri nitafsiri. Nikatikisa kichwa. Hiyo alipaswa kuijibu mwenyewe.

"Ndiyo, Mama," alisema, na mwanamume yule wa kusukuma magari alikuwa na machozi mashavuni, hakuyaficha.

"Na ule mulango wa barabara uuweke komeo ya ndani. Jirani na jirani, lakini mi nafunga kwangu."

"Nitaweka leo."

"Na we." Akanigeukia mimi. "Unalia nini? Simama. Nyoosha mikono."

Nikasimama. Nikanyoosha mikono, chini ya zile feni zote, mtandio unapepea, macho mekundu, na Shangazi Mwanvua akanizungushia futikamba kifuani, akaishusha kiunoni, akapima bega, akapima kutoka shingoni hadi kisigino akiwa amepiga goti kwenye sakafu ya duka la watu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, havikuwa na maumivu yoyote. Juu ya bega lake nilimwona Uthmani akinitazama. Alikuwa ananitazama bila haraka sasa.

"Umekonda kweli," Shangazi alinung'unika. "Mapenzi gani haya ya kumaliza mutu. Nitaacha nafasi kidogo hapa kiunoni, utanenepa."

"Mama," Uthmani akajikohoza, "iyo gauni... itaisha lini?"

"Houda, muambie..." akaanza Shangazi, futikamba kati ya meno. Akasita. Akaitoa mdomoni, akacheka peke yake, kisha akamgeukia.

"Ijumaa ya mwisho wa mwezi," alimwambia, uso kwa uso. "Na ukikuja kumuchukua, Uthmani, siku iyo usipunguze mbio."